Bangili za Shosho Ninayemtunza

Wueh, leo nimemliza shosho wa watu.

Ni yule mama wa Assam, India, ninayemtunza huku ughaibuni, Sterling. Siku hizi anasahau karibu kila kitu.

Asubuhi nikamvalisha nguo zake za Bihu, ngoma ya kwao. Hariri ya rangi ya dhahabu yenye maua mekundu, na zile bangili pana.

Akacheza, jamani! Mimi napiga makofi.

Binti yake akaingia.

"Muthoni, kwetu mjane havai nyekundu wala bangili!"

Shosho akashusha mikono.

"Mjane? Kwani baba yako amekufa lini?"

Akavua bangili moja moja, akilia.

Saa hii amesahau tena. Anazitaka bangili zake, acheze.

Nimpe ama nizifiche?