Bajia Si Viazi

Mimi sijui kula mahali pamoja. Wenzangu ofisini, makarani kama mimi, wana hoteli yao moja katikati ya mji na meza yao ile ile. Mimi saa saba ikifika miguu inaniwasha. Leo injera kwa Wahabeshi, kesho samaki na ugali wa mtama kwa Waluo, keshokutwa dosa kwa Wahindi, halafu wali na nyama ya ngamia kwa Wasomali. Mara nyingi naacha nusu sahani kwa kuwaza hoteli inayofuata. Nilikuwa nikijigamba kwamba Nairobi nimeila yote.

Kisha mama, alipomaliza eda ya baba, akaja kutoka pwani kukaa nami mtaani Kabiria. Akawa hali chakula.

Hakukataa kwa maneno. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani, siku baada ya siku, na leso ikazidi kumzunguka. Nilitaka azoee, abaki. Kule nyumbani hakuna aliyebaki wa kumfungulia mlango. Nikaona dawa ni hoteli, nikamzungusha wiki nzima. Injera aliigusa kwa kidole, akasema mkate umechacha. Kwa Wachina wa Ngong Road aliuliza nani kachinja yule bata; mhudumu akacheka kwa adabu, tukaondoka. Kwa Wahindi alikunywa chai tu. Sahani zake zilizobaki nilizila mimi, kwa hasira.

"Mwanangu," aliniambia tukisubiri teksi, "mtembezi hula miguu yake. Wewe umeanza kula na yangu."

Jumamosi asubuhi akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Leo ningepata bajia, ningekula."

Nilitoka mbio hata kamba za viatu sikufunga. Bajia! Mji mzima umejaa bajia. Nikaenda hadi katikati ya mji, kwenye hoteli ninayoiamini, nikarudi na mfuko ungali na joto, na ukwaju pembeni. Mama akafungua, akachukua kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Hivi ni viazi," akasema.

"Ndiyo, mama. Bajia."

"Bajia ni za kunde, baba. Nilikuwa nikikutuma wewe kuzinunua kila magharibi. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Hapa bajia ni vipande vya viazi vilivyovishwa unga wa dengu, na kwa miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kuwaza kwamba lile neno lilikuwa na maana nyingine, tena kinywani mwa mama yangu. Niliona haya, haya ya kitoto, ya kutaka kujificha uvunguni.

Sikukaa. Nikamwuliza zinavyopikwa, nikashika njia hadi Dagoretti Corner, kwa mama mmoja Mluhya anayeniuzia mboga.

"Mama, nipe kunde."

"Sasa, customer. Nikukatie ama unabeba hivyo tu?" Tayari alikuwa akifunga fungu la majani.

"Si mboga. Nataka kunde zenyewe."

"Kwani kunde si ndio hii?"

"Zile za punje."

"Ati mbegu? Na utapanda wapi, juu ya balcony?" Akacheka mpaka wenzake wa meza za jirani wakageuka. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: zinalowekwa, zinamenywa, zinasagwa na kitunguu thomu na pilipili, zinakaangwa. Akainama chini ya meza, akatoa kigunia. "Hii kwetu tunachemshanga na mahindi. Lakini hizo zako ukitengeneza, niletee moja nionje."

Nyumbani mama yangu aliziloweka. Kesho yake asubuhi akazifikicha majini kwa viganja mpaka maganda yakaelea. Blenda yangu aliikubali shingo upande. Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka jikoni, nikifungua dirisha na kulifunga, mpaka akanifukuza.

Zilipoiva akaketi mkekani, akapiga bismillahi, akala. Moja. Tatu. Mimi nimesimama mlangoni, siwezi kukaa wala kuondoka. Alipofika ya saba nilitaka kulia kwa furaha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga: kunde kila Jumapili, kinu nitamtafutia, chumba cha nyuma nitakipaka rangi.

Akapangusa vidole. Uso ulikuwa umemnawiri.

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nikiogopa mwili hautaiweza ile safari," akasema. "Sasa naweza. Kesho nikatie tikiti, mwanangu, nirudi kwangu."

Nikamwuliza, kwa sauti niliyoisikia kuwa ya kulaumu, huko peke yake atakuwa akila nini.

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Bajia," akasema.