Chupa ya Vifungo

Tangu fundi cherehani yule apunguzwe tumbo hospitalini, kila wiki alizibana nguo zake mwenyewe na kumringia wifi yake: "Sasa nimebaki kamba!" Vidonge vya vitamini alivyoagizwa ameze maisha yake yote, macho yasije yakadhurika, alivimwaga zamani, chupa yake akaitia vifungo. Mchana hakuwa na neno. Jua likianza kuzama, vidole vyake vilitambaa mezani kutafuta mkasi, taratibu, kama vinavyonusa. "Mazoea tu," alisema akiulizwa, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile kidogo.

Jioni moja wifi yake alibisha hodi akasimama mlangoni, jua likizama, lakini mgeni huyo bado akiona hata rangi za nyuzi mezani.

"Karibu, wifi! Njoo nikupime lile gauni."

Fundi akaja macho wazi, mikono mbele, akamkosa kwa hatua moja, akaikumbatia sanamu ya kupimia nguo iliyokuwa kando ya mlango. Akaizungushia futi kiunoni, akapapasa lile tumbo gumu, bapa, akatabasamu.

"Jamani, wifi," akanong'ona, "na wewe ulienda kupasuliwa, usiniambie?"