Kagada

Kagada ni neno chafu, nalijua. Ni la Kireno, asili yake chooni, na sisi huku pwani tumelifanya la kazi iliyofanywa ovyo. Wali umeungua kwa sababu mpishi anapiga soga: kagada. Samaki kaparwa nusu, mkiani magamba tele: kagada hiyo. Nililiokota nilipokuwa nawauzia chakula mafundi wa ujenzi mjini Palma, na marehemu mama yangu kila akilisikia alikuwa anajifunika uso kwa kanga. "Mwanangu, na swala zako zote hizo!" Nacheka, naomba toba, kesho nalirudia.

Ila nina mpaka wangu. Kazi naiita kagada, mtu simwiti. Vijana wa siku hizi wanatukanana nalo barabarani, na mimi nikiwasikia nawafokea kweli kweli.

Kazi ya mume wangu sikuiita hivyo mara nyingi, maana kwa kuezeka hana mpinzani. Ndiyo maana tuliporudi kutoka ukimbizini, vita vilipotulia kidogo, tukakuta nyumba imekuwa majivu, tukasimamisha nyingine, sikuwa na wasiwasi na paa. Nilimpa makuti na kamba, nikakaa chini kumtazama. Mara namwona anafunga kuti kwa fundo moja, tena legevu, anaruka ufito, anasonga mbele. Upepo kidogo tu, kuti likainuka.

"We baba watoto! Kagada gani hiyo? Unaezeka banda la kuku?"

Siku nyingine angenijibu kwa tusi lake, tukacheka. Safari hii akasema, bila kunitazama, "Ya nini kukaza? Tukikimbia tena, nani atalala humu?"

Kumbe si uzembe, mume wangu anaogopa, na mimi nimekaa hapo chini namfokea. Nilimwonea huruma. Na hasira pia nilikuwa nayo, sisemi uongo.

"Nisikilize," nikamwambia. "Nimelala kwenye mikeka ya watu, nimeomba chumvi kwa watu, nimechoka. Hata kama ni mwezi mmoja, nataka kulala kwangu, mvua isinidondokee. Fungua yote, uanze upya."

"Yote?"

"Yote, bwana."

Akakaa huko juu kitambo, miguu inaning'inia. Halafu akaanza kufungua. Nikawa namrushia kamba, naye anakaza mpaka mishipa ya mikono inamtoka.

Adhuhuri ilipoadhiniwa akashuka, akanywa maji, akazunguka nyuma ya nyumba. Tangu turudi nilikuwa napikia nje, juani, na hakuwahi hata siku moja kutaja habari ya kujenga jiko. Nikamfuata. Alikuwa anachora mstari mchangani kwa kisigino.

"Jiko unalitaka hapa," akauliza, "au kule kusiko na upepo?"

Nikageukia pembeni, nikajifanya nafikiri, maana nilikuwa nalia.