Laptop Haikaguliwi Mbele ya Mzee

Katika duka moja mjini Katesh, nilimwona binti anayejiandaa kwenda chuo akiwasha laptop mpya aliyokuwa akinunuliwa na baba yake, mfugaji wa kijiji cha Dirma. Akaanza kubonyeza herufi moja moja. Mwenye duka, mzee wa rika la baba yake, akanuna.

"Unanikagua kama mwizi, mwanangu?"

Baba akamshika binti mkono. "Umemwamkia shikamoo, halafu unampekua? Funga hiyo."

Binti akafunga, vidole vikabaki juu ya kifuniko.

Wiki iliyofuata nikawakuta palepale, wameirudisha laptop. Herufi nyingi haziandiki, na kioo kina mstari mweusi.

"Ilitoka hapa nzima, mbele yenu," mwenye duka akasema.

Binti alitazama sakafu. Chuo kilikuwa kimeshafunguliwa.

Heshima yetu hii sijui tunaigawaje. Juzi mnadani nilimwona baba yule yule akimpanua ng'ombe mdomo, akitazama meno, kisha akimtembeza aone kama anachechemea. Muuzaji alikuwa mzee kumzidi, na shikamoo alishampa. Mzee huyo ndiye aliyemshika ng'ombe pembe, ili mwenzake akague vizuri.