Kisu cha Kufyatua cha Waziri

Kila kisu kilipofyatuka Subira alishtuka, ijapokuwa alikuwa akikisikia tangu asubuhi. Mumewe, Waziri, alikaa barazani juu ya kigoda na kisu kiganjani. Alibonyeza kitufe, ubapa ukaruka nje, tak. Akaugandamiza mgongo wake pajani mpaka ukarudi ndani. Akabonyeza tena.

"Baba Fauzia, utaiua hiyo springi."

"Nakizoeza."

"Unakizoeza nini, kwani ni mbwa?"

"Jumapili kina kazi," alisema Waziri bila kuinua macho.

Subira aliijua kazi yenyewe, na ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Jumapili watu wa Mikindani walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Fauzia, na Waziri alikuwa amekwisha kusema kwamba jogoo wa wageni atamchinja yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, kwa kisu kile. Mkono wa kulia hakuwa nao.

Waziri alizaliwa Msimbati, huko ambako mvua zikikolea juu, bahari hugeuka rangi ya chai kwa tope la Ruvuma. Alivua kwa nyavu, kisha kwa mishipi, kisha mwaka wa tisini na sita, wenzake walipogeukia baruti, naye akageukia baruti. Utambi ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani. Alirudishwa pwani akiwa amelazwa juu ya samaki, na kiganja chake cha kulia hakikurudi. Walipohamia mjini, katika kijumba cha nyuma ya maduka ya Chikongola, habari ilikuwa imetangulia kufika. Vijana wa sokoni walimwita Baruti, naye aliitika, maana mtu akilikasirikia jina ndipo linapomganda.

Jina lilikuwa jambo dogo. Mkono wa kushoto, kwa watu wa pwani, una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi watu wakiwa wanakula. Waziri sasa alikula kwa huo, akasalimia kwa huo. Penye sinia la watu wengi alijiondoa kabla hajaondolewa, akasema ameshiba. Subira alizoea kumwekea sahani ya peke yake, na siku zote alimtazama usoni kuona kama inamuuma. Ilimuuma.

Lakini kilichomuuma zaidi ni kuku. Katika nyumba zile mwanamke hachinji. Sheikh alikwisha kusema kwamba dini haikumkataza, lakini mazoea ni mazoea. Mwanamke akitaka kuku wake achinjwe na mume hayupo, humkumbatia kwapani, akasimama mlangoni kungoja mwanamume yeyote mwenye kuswali apite. Subira alisimama hivyo miaka mingi, na mumewe yumo ndani, amekaa kitandani, akisikia mapambano ya mabawa na Bismillahi ya mwanamume mwingine.

"Ninyi watu mna kazi," jirani yake Rozalia alimwambia siku moja. Rozalia alikuwa mtu wa Songea, mumewe karani wa bandarini. "Kwetu mimi hapa ningekuwa nimeshamnyonyoa. Nikuchinjie?"

"Mama Brian, ukimchinja wewe nitamla peke yangu, na mimi mwenyewe sitamla."

"Basi nitamla mimi. Mbona shida yako ndogo?"

Walicheka, ila Subira alicheka kwa mdomo tu. Alikuwa ameona pazia la chumbani likitikisika.

Kisu kililetwa na Hassani, kaka yake Subira, aliyekuwa akivuka Ruvuma kwenda upande wa Msumbiji kuuza nguo na kurudi na chochote. Hiyo ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Kilikuwa kifupi, kimekunjwa hakizidi kiberiti kwa unene, mpini mweusi, na ubavuni kitufe cha shaba. Mpaka siku ile Waziri alikuwa akitembea na kisu cha jikoni alichokizungushia kitambaa, kikamchana paja. Alipojaribu visu vya kukunja vya kawaida, alivifungua kwa meno, jino moja likapasuka. Hiki alikishika, kidole gumba kikakitafuta kitufe chenyewe, ubapa ukatoka. Hakuomba msaada kwa mtu. Subira hakupata kuuona uso ule tangu Msimbati.

"Shemeji," Waziri alimwambia Hassani, "umeniletea mkono."

Akafungua biashara ya machungwa. Alipigilia msumari kwenye ubao, akalichoma chungwa juu yake, akalizungusha kwa kigutu na kulimenya kwa kushoto, ganda likishuka refu bila kukatika. Watu walisimama kutazama, na aliyesimama kutazama hakosi kununua. Jioni alikifuta kisu kwa ndimu, akakitia mfuko wa shati.

Hapo Subira akaanza kuishi roho juu. Visu vya kufyatua watu waliviita visu vya wahuni, na polisi walipokuwa wakisaka vijana stendi, hicho ndicho walichokitafuta mifukoni. Tena Waziri alikuwa na hasira tangu baruti. Hasira ya kimya, ambayo mtu haoni inapoanzia. Siku moja kijana wa mkokoteni alimtania, "Baruti, hebu nipe mkono basi, tusalimiane kiume." Kisu kikatoka, tak. Watu wote pale wakarudi nyuma. Waziri akachukua chungwa, akalimenya taratibu, akampa yule kijana. "Kula," akasema. "Hili sadaka." Kila mtu alicheka. Subira aliposimuliwa hakucheka. Usiku alipofua shati alilipapasa mfuko, akakishika kisu kile juu ya beseni, akafikiri shimo la choo lina kina gani. Kisha akakirudisha.

Sasa posa. Mchumba, Asadi, alikuwa fundi cherehani, kijana mpole, wala Subira hakumwogopa yeye. Aliyemwogopa ni shangazi yake, Bi Fatuma, mwanamke ambaye Mikindani nzima ilijua hatii nyama mdomoni kabla hajauliza nani kachinja. Ilisemekana aliwahi kuliacha sinia la hitima likiwa linafuka moshi, kwa sababu mchinjaji alionekana akivuta sigara kabla ya kushika kisu.

"Nimemuuliza sheikh," Waziri alisema. "Kushoto halali, mtu akiwa na udhuru. Makali yawe makali na jina la Mungu litajwe. Basi."

"Halali ya sheikh naijua. Mimi nasema halali ya Bi Fatuma."

"Bi Fatuma anakuja kumtazama Fauzia au kuutazama mkono wangu?"

"Anakuja kutazama vyote, baba Fauzia. Ndiyo maana amepewa macho mawili."

Waziri akakikunja kisu. "Mtoto ni wangu. Jogoo ni wangu. Watu wakija kwangu kutaka mwali, damu ya kuku wasiletewe na mtu wa barabarani." Akaingia ndani.

Jumapili asubuhi Waziri alikwenda sokoni kuwachagulia wageni machungwa. Subira aliosha mchele, akaumimina, akauosha tena. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi kando ya ukuta, akikwaruza chini, na kila alipokwaruza Subira alimwona Bi Fatuma akisukuma sahani mbali na kujitanda kanga vizuri kwa safari ya kurudi. Alikuwa katika hali hiyo mwadhini wa msikiti wa mtaani alipopita na kusalimu.

Hakuamua. Miguu ilikwenda yenyewe, mikono ikamkabidhi mwadhini jogoo, na kabla moto haujakolea chini ya sufuria jogoo alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Waziri alirudi na kikapu begani. Aliyaona manyoya.

"Nani?"

"Mwadhini alipita," alisema Subira.

Waziri alikishusha kikapu, akayapanga machungwa vizuri juu ya mkeka, moja baada ya jingine, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akatoka. Fauzia alisimama mlangoni na nywele zake nusu zimesukwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekulinda."

"Umenilinda na baba?"

Subira akageukia sufuria. Hassani alipofika na kanzu yake iliyopigwa pasi, alielezwa, akakaa chini kwa uzito.

"Dada, mimi mjomba mtu nitawakaribisha, nitacheka nao, nitawamiminia chai. Lakini wakisema 'tumekuja kuomba mwali', jibu si langu. Baba yu hai, yuko sokoni anauza machungwa. Utawaambiaje?"

"Mfuate wewe."

"Nimfuate mimi? Aliyemtukana ni nani?"

Nyuma ya jiko kulikuwa na mtetea mmoja, mweusi, mwenye kutaga kila siku. Subira alimkamata, akajitanda kanga, akaenda. Njiani hakuona mtu wala hakuitika salamu. Alimkuta Waziri penye ubao wake, akimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Wamefika?" Waziri aliuliza.

"Wako njiani."

"Mwadhini awapokee."

Vijana wa mikokoteni walikuwa wamekwisha kugeuka. Mmoja akasema, "Mama, kuku huyo tukuchinjie?"

"Nina mchinjaji wangu," alijibu, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyoitaka. "Nimemfuata hapa."

Waziri alimtazama kuku.

"Huyu si anataga?"

"Anataga."

"Mayai utatoa wapi?"

"Baba Fauzia, inuka."

Alikaa kidogo tena, kiasi cha kumalizia ganda la lile chungwa. Kisha akainuka.

Walipofika nyumbani, wageni walikuwa wamekwisha kukaa: baba mdogo wa Asadi pamoja na Hassani barazani, Bi Fatuma ndani kwenye mkeka, mwembamba, shungi jeupe, mikono magotini. Waziri aliwasalimu kwa kushoto, akaomba radhi, akapitiliza uani. Subira alitaka kuufunga mlango wa uani. Alichelewa. Bi Fatuma alikuwa amekwisha kusimama kizingitini.

"Mnachinja?"

"Ndiyo, bibi," alisema Subira. "Baba Fauzia ndiye anachinja."

"Kwa mkono huo?"

"Ndio niliobaki nao, mama," Waziri alisema.

Alimlaza mtetea kuelekea kibla. Mguu mmoja aliukanyagia mabawa, wa pili miguu ya kuku, bila kumuumiza. Kigutu kikakibana kichwa chini, kwa upole, kama mtu anayemziba mtoto macho. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimefumbwa, hakionyeshi kitu. Subira aliona jasho shingoni mwa mumewe. Waziri alitaja jina la Mungu, kiganja kikafunguka, tak, na papo hapo kazi ikawa imekwisha. Akaacha damu itoke. Akakifuta kisu kwa jani la mgomba, akakikunja pajani, kikapotea mfukoni.

Bi Fatuma aliinama kumtazama kuku. Subira alihesabu makosa yote yanayoweza kusemwa.

"Kuku hakukiona kisu," Bi Fatuma akasema hatimaye.

"Mama?"

"Hakukiona. Wachinjaji wetu wa Mikindani wanakinoa mbele ya macho yake, wanamtembezea, wanacheka. Imekatazwa, lakini nani anasikia. Huyu amekufa hajui." Akamgeukia Subira. "Na yule aliyemo sufuriani, kamchinja nani?"

Subira alifikiri kudanganya. Alimtazama Waziri, naye Waziri alikuwa akitazama pembeni, akimwachia.

"Mwadhini, bibi. Nilimpa mimi, kwa nyuma ya baba Fauzia. Nilikuogopa wewe."

"Uliniogopa mimi, ukamtukana mumeo." Bi Fatuma aliguna. "Basi huyo wa mwadhini wenu wape wanaume barazani. Mimi nitamngoja huyu."

Na kweli alingoja. Mtetea alikuwa mgumu, akachemka mpaka wanaume wakawa wamekwisha kula, wamekwisha kunawa, na baba mdogo wa Asadi amekwisha kusema maneno yake na Waziri amekwisha kujibu kwamba amesikia, amekubali, taratibu zifuatwe. Subira aliyasikia kutoka jikoni, akichochea kuni zisizohitaji kuchochewa. Sauti ya mumewe ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyekuwa akijibu posa kila siku.

Baadaye Waziri alipita jikoni kuchota maji. "Siku nyingine," alisema taratibu, "ukiogopa, niambie. Usinipitie mgongoni."

"Nilikuambia. Hukusikia."

"Niambie tena."

Bi Fatuma alikula paja moja, akalimaliza, akanawa. Jua lilikuwa linashuka aliposimama kuaga, Fauzia akimshika mkono mpaka barabarani. Pale akageuka.

"Siku ya harusi sisi tunaleta mbuzi," alisema. "Mchinjaji msitafute. Mnaye."

Waziri aliinamisha kichwa. Hassani alicheka kwa furaha. Subira naye aliitikia, akapunga mkono, akasimama pale mpaka wageni walipopotea kwenye kona. Mbuzi, aliwaza. Mbuzi si kuku. Mbuzi ana miguu minne na anarusha mateke, na ubapa ule ni mfupi kama kidole. Miguu ya nyuma atashika nani? Aligeuka kumwuliza Waziri, lakini Waziri alikuwa amekwisha kurudi uani, naye akamfuata mbio.