Ini la Mboloko

Miguu ya Solange haikujua kutulia. Darasani ilipiga sakafu. Kitandani ilihangaika kama iliyoitwa na mtu nje. Ajabu, uwanjani ndiko ilikomsaliti. Alikuwa na miaka kumi na sita, winga wa timu ya wasichana ya Kibua, na tangu mvua zianze hakuwa amemaliza kipindi cha pili: pumzi ilikata, macho yakaona giza. Kocha alikwisha kusema, akianguka tena, nafasi yake kwenye mechi ya ugenini, kijijini Mpofi, itakwenda kwa Shekinah, winga wa akiba.

Alinunua vitamini za rangi dukani kwa Mama Kavuo, akazitafuna kama pipi. Wapi.

Muuguzi wa zahanati, Papa Jérémie, alimvuta ukope wa chini, akauona mweupe kwa ndani.

"Ile vitamini haina chuma," alisema. "Unakomaa, unapoteza damu kila mwezi, na chuma njo inasaidia damu kubeba pumzi mpaka kwa miguu. Dawa yake imeisha, barabara imefungwa. Kula sombe, ile majani ya muhogo, na maharagi, kamulia ndimu. Chai, hapana saa ya chakula. Na ukipata ini, usiachie mutu."

Hapo ndipo penye mwiba. Baba yake, Léopold, alikuwa mwindaji, na nyumbani kwao ini la mnyama lilikuwa la babu, Tate Archange. Msichana akilionja, mbwa wa kuwinda wanapoteza harufu ya wanyama. Ndivyo walivyorithi.

Léopold alipoleta mboloko, yule swala mdogo wa msituni, Solange alisimama mbele ya babu yake na sahani.

"Tate, naomba ini."

"Na mimi nikule nini, pembe?"

"Damu yangu iko kidogo. Nataka kucheza Mpofi."

"Na mbwa?"

"Mbwa hawana mechi, Tate."

Mama yake akaficha kicheko ndani ya kitenge. Mzee akanuna, lakini akamkatia nusu.

Safari iliyofuata mbwa walirudi wamelowa, hawana kitu. Hakuna aliyemlaumu Solange. Walimtazama tu, na kutazamwa kulimchoma kuliko kusemwa. Mtego uliponasa mboloko mwingine, alibaki mlangoni, hakuomba.

"Kuja," Tate Archange akamwita. "Mbwa tumekwisha kupoteza. Tupoteze na mupira?"

Akamwachia ini lote.

Huko Mpofi kocha hakutaka kubahatisha: Shekinah ndiye aliyeanza. Solange aliingizwa mwishoni, akakimbia mpaka filimbi, akiogopa giza ambalo siku hiyo halikuja.