Bi Harusi wa Haradhan na Kamba Waliopakwa Manjano

Hadithi hii hakuna atakayeiamini. Niliisimulia kwenye benchi la muuza chai, watu wakacheka mpaka biskuti zikawapalia. Nikaisimulia kwa kinyozi, wembe ukasimama shingoni mwangu. Basi sasa naiandika, maana anayeandika hakatizwi na mtu. Shule nilifika darasa la saba, na nilipoacha mwalimu alilia, ingawa wapo wanaosema yalikuwa machozi ya furaha.

Inamhusu Haradhan Samaddar, mtengenezaji wa vinanda wa kichochoro chetu hapa kaskazini mwa Kolkata, vile vinanda vya kuvuta upepo kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Kwanza mjue Haradhan ni mtu wa namna gani. Siku ya harusi yake, saa njema iliyopangwa na kuhani ikiwa imekaribia kabisa, bwana harusi hakuonekana. Alitafutwa juu, akatafutwa chini, akakutwa chumba cha nyuma, kofia ya harusi kaiweka sakafuni, anakwangua ulimi wa shaba wa kinanda cha mjomba wa bibi harusi. "Sauti moja ilikuwa inalia puani," alisema. Miaka ishirini na tisa imepita na mkewe, Shefali, bado hajamsamehe.

Mtu wa aina hiyo, mwenye subira ya kusikiliza sauti moja nusu siku, ukimpa tangi la samaki umemmaliza. Alianza na tangi la maji matamu, akahamia la maji ya chumvi. Akaliweka pale kwenye pembe nzuri kuliko zote nyumbani, karibu na dirisha, mahali palipokuwa na cherehani ya Shefali. Cherehani ikaenda chini ya kitanda. Kisha nyota wa bahari akafa. Kisha konokono mkubwa akafa, nyumba nzima ikanuka siku tatu, na Shefali akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Sikia wewe," akasema. "Sikatazi. Lete umtakaye. Lakini atakayefuata akifa, tangi linatoka siku hiyohiyo na cherehani yangu inarudi. Umesema ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sema kwa sauti, Mama asikie."

"Ndiyo!" akasema Haradhan, na mama mkwe wake, Nonibala, bibi wa miaka sabini na minane, akaitikia kutoka kitandani kwake, "Nimesikia, mwanangu, lakini siungi mkono."

Haradhan akangoja miezi minane, maji yakomae kwanza. Kila asubuhi alipima chumvi kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, akaandika. Nikimwambia, "Hara, maji ni maji," ananijibu, "Kaka Bhombol, na kinanda ni mbao." Hapo ndipo, Jumapili moja, alipokwenda soko la ndege na samaki akarudi na mfuko wa plastiki kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na anemoni: mnyama wa baharini anayekaa kama ua, mguu mmoja wa kunata chini, mdomo katikati, na vidole laini pande zote, rangi ya kijani kibichi, ncha zake zambarau.

Hakumtumbukiza tu. Alifunga fundo kwenye mrija mwembamba, akayaacha maji ya tangi yadondoke kwenye ndoo ya mgeni, tone, tone, saa mbili nzima. Akapunguza taa. Akavisha mdomo wa pampu sponji, kwa sababu mnyama huyu hutembea, na pampu ikimvuta humsaga kama pilipili kwenye jiwe. Kisha akamweka juu ya mwamba, akavuta kigoda akaketi.

Mgeni akajifunga kama ngumi. Akafungua kidogo. Akajifunga tena.

Nonibala alikuwa ameletewa kigoda naye. Akatazama, akacheka kwa ufizi. "Anajifunika, anachungulia, anajifunika. Huyu ni bi harusi siku ya kwanza ukweni. Ondokeni mbele yake, hamna haya? Hata mimi nilikaa siku tatu ndani ya ushungi."

Jina likamganda. Siku ya pili Bi Harusi akahama, akatelekeza mwamba mzuri aliochaguliwa, akaenda kujibana kwenye ufa. Haradhan alitaka kumrudisha, bibi akamkataza. "Muache achague kona yake mwenyewe. Mimi nilichagua jikoni, nikaitawala miaka hamsini." Na kweli, kwenye ufa ule akanata, akafunguka. Samaki wawili wa rangi ya chungwa waliokuwa mle ndani walimzungukia kwa mbali, kama mashemeji wasiojua waanze na salamu gani.

Wiki moja ikapita, akaanza kulishwa. Mara mbili kwa wiki, kipande cha kamba mbichi, kidogo kama ukucha. Vipande hivyo Haradhan alivihifadhi kwenye barafu ya friji, ndani ya kikopo cha zamani cha vidonge, mbali na samaki wa kuliwa. Maana kwetu, nyote mnajua, samaki akivuka kizingiti hata hajapumzika ameshapakwa manjano na chumvi. Mwanamke wa kwetu akimwona samaki mweupe mkono unamwasha.

Sasa mkae vizuri.

Siku hiyo Haradhan alikwenda ng'ambo ya mto kutazama kinanda cha hekalu. Shefali alikuwa sokoni. Bibi Nonibala akabaki peke yake na Bi Harusi. Ilikuwa siku ya kula, naye Haradhan amesema atachelewa. Bibi akaenda kwenye friji, akafungua kile kikopo, akaona kamba weupe, bila chumvi, hawana hata rangi. Akaona aibu. Bi harusi mpya analishwa hivi katika nyumba yetu? Watu watasemaje?

Na mkumbuke, bibi ni mjane, na kwa desturi yetu mjane hali samaki. Tangu mumewe afariki, miaka thelathini na mmoja, hajala samaki, hajagusa samaki, na sufuria yake ni ya peke yake. Lakini siku hiyo alikunja pindo la sari nyeupe, akatia manjano, akatia chumvi, akadondosha na mafuta ya haradali, matone mawili, kwa mkono ambao haukuwa umesahau kitu. Akamlisha Bi Harusi vyote, vipande saba. Kisha akaenda kuoga kwa ajili ya kule kugusa, akarudi kulala, ameridhika.

Haradhan aliporudi, maji yalikuwa na utando unaong'aa rangi saba kama barabara baada ya lori kuvuja. Bi Harusi alikuwa ngumi, ndogo kuliko limau, anatema nyuzi za njano. Chumba kinanuka haradali.

Haradhan akasimama na mwavuli mkononi. Akanusa. Akamtazama mama mkwe wake. Vidole vya bibi vilikuwa vya njano mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mwanangu," akasema bibi, sauti imekonda, "nimemuua?"

Hapa ndipo ningetaka vijana wetu wanaopigia wakwe zao kelele waje wasome. Haradhan alikuwa na miezi minane ndani ya maji yale. Akauweka mwavuli chini.

"Hapana, Mama. Ameshiba. Bi harusi gani amekula vizuri hivyo asilale?"

Kisha akageuka haraka, bibi asimwone uso, akaanza kazi. Akatandaza karatasi laini juu ya maji, akaiinua na mafuta yake, akatandaza nyingine. Akatoa vipande vilivyotemwa, kimoja kimoja, kwa kijiti. Akabadilisha ndoo mbili za maji aliyokuwa amechanganya tangu jana, akasafisha vichungi, akafua sponji ya pampu akaianika kwenye kamba ya nguo, akaisahau.

Shefali akaingia na kapu. Akanusa naye.

"Amekufa?"

"Amelala."

"Konokono naye alilala."

"Shefali, nipe siku tatu."

Mkewe akamtazama, akamtazama mama yake anayejifanya anasali. "Siku tatu," akasema. "Ya nne, cherehani." Na siku hiyohiyo akaivuta kutoka chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta, akaiweka kando ya tangi ili ionekane. Ndivyo alivyo, huwa hapayuki bure.

Siku ya kwanza Bi Harusi hakufunguka. Siku ya pili hakufunguka, na bibi hakula. Alikaa kwenye kigoda akimwambia kioo, "Nisamehe, binti. Kwetu ndiyo heshima." Haradhan akaacha kazi zake, vinanda vimepangwa ukutani kama wagonjwa wa zahanati. Nikaenda kumpa moyo, nikamwambia kama mimi ningekuwa anemoni ningependa sana haradali. Akaniambia nirudi kwangu.

Siku ya tatu asubuhi, ufa ulikuwa mtupu.

Haradhan alitafuta kwa kurunzi, nyuma ya mwamba, chini ya mchanga. Hakuna. Anemoni akifa huyeyuka; Haradhan akabaki kutazama maji, ana hakika amekwisha. Akaketi chini. "Basi," akasema. "Shefali, chomoa nyaya. Mimi siwezi."

Shefali akaenda nyuma ya tangi. Akainama. Mara nyumba ikatikisika kwa sauti yake.

"We mjinga! Unakwenda wapi we mjinga!"

Haradhan akadhani anaambiwa yeye. "Sijaenda popote!"

"Siyo wewe! Huyu mjinga wako! Yuko kwenye kioo cha nyuma, anapanda, anaelekea kwenye pampu! Umebaki upana wa vidole vinne! Sponji iko wapi?"

Sponji ilikuwa kwenye kamba ya nguo, na kunguru alikuwa amekwenda nayo. Shefali akang'oa plagi ya pampu kwa nguvu, mbishi yuleyule aliyetaka tangi litoke, sasa anachomoa ili mnyama asife. Lakini pampu haiwezi kukaa imezimwa, maji yasipotembea nayo ni hatari.

"Usiwashe mpaka niseme," akasema. Akaketi kwenye cherehani. Akachana kipande cha chandarua kizee, tabaka mbili, akakikunja, mguu ukakanyaga, trrrr, trrrr, bibi akimshikia taa. Mfuko mdogo, wenye pindo na uzi wa kuvutia mdomoni, kama mfuko wa harusi wa kuwekea lozi. Mshono ulionyooka, mimi niliuona. Akauvisha kwenye pampu kwa mkono wake mwenyewe, maji ya chumvi mpaka begani, bangili za ndoa zikagonga kioo.

"Washa."

Haradhan akawasha. Bi Harusi akasita, akapapasa wavu kwa kidole kimoja, akaona hapana raha, akageuza njia. Saa sita mchana akanata kwenye kioo cha upande wa kushoto, ule unaotazama kitanda cha bibi, na hapo hajaondoka mpaka leo.

Cherehani pia haikurudi chini ya kitanda. Iko palepale kando ya tangi, Shefali anashona huku anamsema Bi Harusi kwamba ni mvivu, hajui kazi, na asubuhi ni yeye anayepima chumvi kabla mumewe hajaamka. Bibi Nonibala siku ile alikula wali vikombe viwili.

Na mtaniuliza, je, alifunguka? Mchana uleule! Nilikuwepo. Kwanza kidole kimoja, kisha kumi, kisha elfu moja mia mbili, samaki wale wawili wakaingia katikati yake wakilia kwa furaha, na alivyotanuka, ninaapa kwa mungu wetu wa kike, Mama Kali, akajaza tangi lote, upana wake kama gurudumu la tramu, akainua kifuniko cha kioo, vidole vikatoka nje vikamshika bibi mkono, vikata—

"Kaka Bhombol."

Nani tena huyu anayesoma begani kwa mtu?

"Kisahani. Alikuwa mpana kama kisahani cha chai. Na wewe hukuwepo, ulikuwa kwa kinyozi."

Sawa, Hara, kisahani. Lakini wasomaji waelewe kwamba kisahani chenyewe kilikuwa kile kikubwa cha nyumbani kwangu, ambacho siku moja gavana alipokuja kunywa ch—

"Kaka!"